Ndege Isiyo na Injini Ikiangukia Shambani: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Kwanza Kufika

Katika mazoezi ya huduma ya kwanza ninayoyaongoza vitongojini mwa Mombasa, kosa ni lile lile kila mara. Tunaweka sanduku la mbao lililochongwa mfano wa chumba cha rubani, tunamlaza humo kijana mmoja mwenye kujua kugumia, kisha napuliza filimbi. Kabla sauti ya filimbi haijaisha, watu wawili wamekwisha mtia mikono makwapani na kumng'oa kitini, huku wa tatu akitafuta maji ya kumnywesha. Wanafanya hivyo kwa huruma. Lakini rubani wa kweli mwenye pingili iliyovunjika mgongoni angeweza kutoka humo akiwa amepooza, naye aliingia akiwa na miguu yake miwili.

Glaida ni ndege nyembamba yenye mabawa marefu, isiyo na injini au yenye injini ndogo ya akiba, ambayo hubaki angani kwa kutumia hewa yenye joto inayopanda. Hewa hiyo ikikosekana, rubani hana budi kuchagua shamba na kutua. Nchini Kenya mchezo huu unajulikana zaidi Mweiga, karibu na Nyeri. Huku Pwani tunazoziona sana ni ndege nyepesi za injini zinazotua Bamburi, Vipingo na Ukunda. Hatua nitakazozieleza zinafaa kwa zote, na pale zinapotofautiana nitasema.

## Vitu vya kuwa navyo

Mfuko huu ukae nyumbani kwa mzee wa mtaa au kwenye kituo cha bodaboda, mahali ambapo ufunguo hautafutwi.

- Glavu za mpira jozi nne, na juu yake glavu nene za kazi jozi mbili, kwa sababu kingo za faiba iliyovunjika (nyuzi za kioo au kaboni zilizogandishwa kwa gundi, ambazo ndizo mwili wa glaida nyingi) hukata kama wembe.
- Barakoa na miwani ya kukinga macho.
- Leso nne safi. Hakuna kitu chenye kazi nyingi kuliko leso: hufunga jeraha, hufunika uso, hutandikwa, na hutia kivuli.
- Mkasi imara wa kukatia nguo.
- Mwavuli mkubwa.
- Mtungi wa kuzima moto wa unga mkavu. Ikiwa hamna, simamisheni matatu, kwani kila gari la abiria linatakiwa na sheria kubeba mtungi huo pamoja na sanduku la huduma ya kwanza.
- Ubao mrefu wa kumtosha mtu mzima. Mlango uliong'olewa bawabani unafaa.
- Kamba ya mita hamsini, karatasi, kalamu na tochi.

## Hatua ya 1: Simama mita thelathini, utazame

Usikimbilie ndege. Simama, vuta pumzi, utazame mambo manne.

Nyaya. Ndege inayotua shambani mara nyingi hupita chini na kukata nyaya za umeme. Waya ulio chini uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima umezima taa. Kaa mita kumi mbali nao, zuia wengine, na upige simu Kenya Power kwa nambari 97771. Ikiwa waya umelala juu ya ndege, mwambie rubani kwa sauti abaki ndani bila kugusa chuma chochote, nawe usimsogelee mpaka wenye kazi yao wauzime.

Moto na mafuta. Glaida halisi haina tangi la mafuta, lakini ile yenye injini ya akiba inalo, na ndege nyepesi inalo katika mabawa. Karibu zote zina betri. Ikaribie ndege upepo ukikupiga mgongoni, ili moshi na vumbi viende mbele yako. Sigara zizimwe, pamoja na zile za watazamaji walio nyuma yako. Mtungi wa hewa ya oksijeni ukiuona nyuma ya kiti, usiuguse kwa mikono yenye mafuta au grisi.

Roketi. Hili wengi hawalijui. Baadhi ya ndege nyepesi na glaida za kisasa zina mwamvuli mkubwa (parachuti) wa kubeba ndege nzima, ambao hurushwa na roketi ndogo. Ukiona kibandiko cha pembetatu chenye onyo ubavuni au nyuma ya chumba cha rubani, usisimame mbele ya mahali hapo, usikate kebo yoyote, na usivute mpini usioujua.

Watu. Hesabu viti. Glaida nyingi za watu wawili huwa na kiti kimoja nyuma ya kingine, na wa nyuma aliyezimia akiinama haonekani kwa mtu anayetokea mbele.

*Umefaulu ikiwa* ndani ya dakika moja unaweza kusema kwa sauti: nyaya hakuna, moto hakuna, kibandiko hakuna, watu ni wawili.

## Hatua ya 2: Piga simu, na umtume mtu barabarani

Piga 999 au 112. Anza na mahali, kwa kuwa simu ikikatika baada ya maneno ya kwanza, mahali ndipo panapohitajika kuliko yote. Sema hivi: "Ndege ndogo imeangukia shambani, Mazeras, mkono wa kushoto ukitoka Mombasa, nyuma ya msikiti. Mtu mmoja ndani, anaongea, hasikii miguu. Moto hakuna." Kisha tuma alama ya mahali ulipo kwa WhatsApp kwa yeyote atakayekupigia.

Walio kusini ya kivuko wataje wazi kwamba wako upande wa Likoni au Kwale. Gari la wagonjwa linalotoka kisiwani litalazimika kuchagua kati ya feri na barabara ya Dongo Kundu, na dereva asiyeambiwa mapema hupoteza muda mwingi kwenye foleni ya feri. Huenda pia gari la kutoka Kwale au Msambweni likawa la karibu zaidi.

Mtume kijana mmoja mwenye shati la rangi kali asimame penye mchepuko wa barabara. Gari kupita mchepuko huo na kwenda kugeuza mbali ni jambo la kawaida kabisa.

*Umefaulu ikiwa* mpokeaji simu amekurudishia jina la mahali kama ulivyolitamka.

## Hatua ya 3: Shika kichwa, usimshike makwapa

Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rubani wa glaida hakai kama dereva wa gari. Ameegemea nyuma, miguu imenyooshwa mbele, na makalio yake yako karibu sana na ardhi, yakitenganishwa nayo na ganda jembamba la faiba na gurudumu moja. Ndege ikipiga chini kwa tumbo, kishindo hakina mahali pa kupungulia nguvu; hupanda moja kwa moja kwenye mgongo na kuzisaga pingili, hasa pale kifua kinapokutana na kiuno. Pingili iliyosagika inaweza kukaa mahali pake bila kuudhuru uti, yaani mshipa wa neva unaopita ndani ya pingili. Mtu akivutwa makwapani, mgongo wake hujipinda kwa uzito wa miguu inayoning'inia, na kipande cha mfupa kinaweza kuuingia uti ambao hadi hapo ulikuwa mzima.

Fanya hivi. Mjie kutoka mbele, mahali anapoweza kukuona bila kugeuza shingo. Mwambie jina lako na umwambie, "Usigeuke, usitikise kichwa, nitakushika." Mwenzako apite nyuma au ubavuni, aweke viganja viwili pande zote za kichwa, vidole vikielekea taya bila kuziba masikio, na akishike kichwa kikitazama mbele. Viwiko vyake viegemezwe kwenye ukingo wa chumba cha rubani au kwenye magoti yake. Asiyeegemeza viwiko hutetemeka baada ya dakika tano, na gari linaweza kuchukua nusu saa.

Siku moja, kwenye zoezi tulilolifanya upande wa Jomvu, mama mmoja muuza mahamri ndiye aliyeliweza hili kuliko vijana wote. Alipiga magoti, akazitupa kandambili zake nyuma, akaegemeza viwiko mapajani, akakishika kichwa cha yule kijana kwa viganja vyenye unga, kisha akaanza kumuuliza kwao ni wapi na mama yake anaitwa nani. Vijana walipokuja na wazo la kumtoa, hakuinua macho. "Mwachieni hapa, wanangu. Anapumua." Hakuachia mpaka nilipopuliza filimbi ya mwisho.

Ikiwa rubani amezimia na kidevu kimeangukia kifuani, njia ya hewa imebanwa. Inua kichwa taratibu, kwa mikono miwili, hadi uso utazame mbele. Ukihisi kimekwama, simama hapo hapo na usilazimishe. Kisha sikiliza pumzi kwa sekunde kumi. Kofia ngumu, kama anayo, ibaki kichwani isipokuwa inamzuia kupumua.

*Umefaulu ikiwa* kichwa hakijatikisika tangu ulipokishika, na rubani anakujibu au unaisikia pumzi yake.

## Hatua ya 4: Fungua kifuniko kwa utaratibu

Kifuniko cha chumba cha rubani ni cha plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Katika jua la Mombasa, mtu aliyefungiwa humo huiva, kwa hiyo usisubiri.

Rangi za mipini ya glaida zina maana iliyokubaliwa. Mweupe hufungua kifuniko kwa kawaida. Mwekundu hukitupa kifuniko chote. Wa bluu ni wa breki za mabawa, wa manjano huachia kamba ya kuvutia ndege, na wa kijani husawazisha pua. Jaribu mweupe kwanza. Kama haufikiki kutoka nje, tafuta kidirisha kidogo cha kusukuma, ambacho mara nyingi huwa upande wa kushoto, na uingize mkono hapo. Mwekundu utumike tu ikiwa mweupe umeshindikana na rubani mwenyewe amekuthibitishia kazi yake, au umeisoma alama yake. Ndege yenye roketi nayo ina mpini mwekundu, na hiyo si mahali pa kubahatisha.

Glaida nyingine hufunguka kwa ubavu, nyingine kwa kuinuliwa kuelekea mbele au nyuma. Ikigoma, usiikalie kimabavu, badilisha upande. Ikiwa hakuna njia ila kuivunja, funika kwanza uso na kifua cha rubani kwa leso, kisha vunja mbali na kichwa chake, kwa sababu plastiki hii hupasuka vipande virefu vyenye ncha.

Kikishafunguka, mtie kivuli kwa mwavuli. Usikiache kifuniko kilicho wazi kikikusanya jua juu ya kiti au nguo. Umbo lake hukusanya miale kama lenzi na kinaweza kuunguza.

## Hatua ya 5: Mkanda ubaki, mwamvuli usiguswe

Mikanda ya glaida huwa minne au mitano na hukutana kwenye kifungo kimoja tumboni, ambacho kwa kawaida hufunguliwa kwa kukizungusha. Ukijua hivyo inatosha, usikifungue. Mtu anayepumua, aliyekaa alivyo, ameshikwa na mkanda huo vizuri kuliko utakavyomshika wewe. Ulegeze tu wa mabegani ikiwa unambana kifua.

Rubani wengi wa glaida huvaa pia mwamvuli (parachuti) mgongoni, wenye mpini wa chuma karibu na kifua. Ukiuvuta kwa kudhani ni kifungo, kitambaa chote kitamwagika, na kusi ikivuma kitajaa upepo na kumburuta pamoja na mgongo wake.

## Hatua ya 6: Jua lini sheria hii huvunjwa

Sababu za kumtoa kabla wataalamu hawajafika ni tatu tu: moto, maji, au kukosa pumzi.

Moto hauhitaji maelezo, ila moshi wa nyuzi za kaboni ni sumu, kwa hiyo vaeni barakoa na msirudi ndani mara ya pili kutafuta vitu.

Maji ndiyo yanayotuhusu sisi zaidi. Eneo la wazi kutoka angani linaweza kuwa ni tope la mikoko, iwe ya Tudor, Port Reitz au Mtwapa, maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa hapa kwetu hukaribia mita nne, na kutoka kupwa hadi kujaa ni takribani saa sita. Muulize mvuvi aliye karibu maji yanarudi saa ngapi, na umsadiki. Kama zimebaki saa mbili, mna muda wa kungoja wataalamu. Kama yamekwisha anza kuingia, tayarisheni ubao.

Kukosa pumzi maana yake ni kwamba umeinua kichwa, umesikiliza sekunde kumi, na hakuna kitu. Kifua hakiwezi kukandamizwa vizuri mtu akiwa ameegemea kitini.

Kumtoa kunahitaji watu wanne na sauti moja. Mwenye kichwa ndiye anayehesabu, na hakuna anayesogea kabla ya "tatu". Wa pili anafungua mkanda na vifungo vya mwamvuli kifuani na mapajani. Wa tatu na wa nne wanauteleza ubao nyuma ya mgongo, kutoka kichwani kuelekea kiunoni, kisha wote wanamvuta juu ya ubao kwa kufuata urefu wa mwili, kidogo kidogo, bila kumpinda wala kumsokota. Miguu inashikwa, haiachwi ianguke.

Akiwa chini na hapumui, kandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukimpa pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Mpokezane kila dakika mbili.

## Hatua ya 7: Damu, na kiu ya watazamaji

Damu inayotoka kwa nguvu haingoji zamu: ishughulikie mara tu kichwa kikishashikwa. Kunja leso, ibonyeze juu ya jeraha kwa dakika kumi kamili, na usichungulie. Leso ikilowa, ongeza nyingine juu. Kipande cha faiba au chuma kilichochomeka mwilini kibaki. Bonyeza pembeni yake.

Usimpe maji, chai wala dawa ya maumivu. Huenda akafanyiwa upasuaji, na aliyezirai nusu hupaliwa. Kila mara atatokea mtu wa heshima, mara nyingi mzee wa makamo, akiwa na chupa mkononi na nia njema kabisa. Usigombane naye. Mwambie, "Mzee, tafadhali tusaidie kushika mwavuli," nawe umempa kazi.

## Hatua ya 8: Anayetembea naye ni mgonjwa

Kuna rubani atakayefungua kifuniko mwenyewe, atoke, ajipanguse vumbi na kusema yuko sawa. Usimwamini mara moja. Hofu na msisimko huficha maumivu, na mtu mwenye pingili iliyosagika anaweza kutembea saa nzima kabla mgongo haujamlipa. Mlaze chali kivulini na umwulize kama anahisi ganzi, maumivu ya mgongo au udhaifu wa miguu. Hata akijibu hapana, akapigwe picha hospitalini. Bodaboda si chombo cha kumpeleka.

Ikiwa kweli ametua salama na ndege ni nzima, basi hiyo haikuwa ajali. Msikilize yeye namna ya kuisogeza. Usiisukume kwa mkia wala kwa sehemu zinazochezacheza kwenye mabawa. Ng'ombe na mbuzi wafungwe mbali.

## Hatua ya 9: Linda mabaki

Zungusha kamba mita thelathini pande zote. Januari 2025, ndege nyepesi ilipoanguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara kuu ya kuja Mombasa, waliopoteza maisha walikuwa watu waliokuwa chini. Kwa hiyo kumzuia mtazamaji ni kuokoa maisha vile vile.

Kitu chochote kisiokotwe, hata kipande kidogo kama kiganja, hata simu ya rubani. Wachunguzi wa ajali za ndege wa serikali husoma mahali kila kipande kilipolala, hali ya mipini na alama za udongo, ili wajue chanzo. Kazi yao si kumtafuta wa kumlaumu. Mkilazimika kusogeza kitu ili kumwokoa mtu, kipigeni picha kwanza na muandike kilikuwa wapi. Swichi msizizime wala kuziwasha. Kisanduku cha rangi ya chungwa kinachotoa ishara ya dharura kiacheni kiendelee. Huenda ndicho kinachowaongoza waokoaji.

Picha za majeruhi hazipigwi kabisa. Mkewe asijue kwa Facebook.

## Hatua ya 10: Kabidhi kwa sentensi tano

Wahudumu wakifika, mwenye kichwa asiachie mpaka mmoja wao aweke mikono yake juu ya mikono yake na kusema, "Nimeshika." Mwingine aseme, bila hadithi: ilianguka saa ngapi, alikuwa anaongea au amezimia, anahisi miguu au hahisi, damu ilitoka wapi, tumefanya nini. Waonye pia kuhusu kibandiko cha roketi, kama mlikiona.

Walioshika faiba wanawe kwa maji baridi yanayotiririka bila kusugua, kwa kuwa kusugua huzisukuma nyuzi ndani ya ngozi; zilizobaki hutolewa kwa kubandika utepe wa gundi na kuubandua. Nguo zifuliwe peke yake. Mwenye shamba apige picha ya mahindi au mihogo iliyoharibika kabla haijapandwa upya, aandikishe kwa polisi siku hiyo hiyo, naye mzee wa mtaa arudishe mfukoni leso nne mpya na jozi mpya za glavu badala ya zilizotumika.